Paka wa Nyumba Haingwa

Nyumba yenyewe ilikuwa Mkomani, Lamu, kwenye kichochoro ambacho punda wawili wenye mizigo hawapishani ila mmoja arudi nyuma na wenyewe watukanane kidogo. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kiasi cha mtoto kulala dirishani. Vyumba virefu na vyembamba, kwa kuwa boriti ya mkoko ina urefu wake na fundi hawezi kuibembeleza ikaongezeka. Katika chumba cha ndani kulikuwa na safu za zidaka, shubaka za plasta zilizochongwa kwa mkono, ambamo zamani wenye nyumba walipanga sahani za Kichina ili mgeni ajue amefika kwa nani. Sahani ziliuzwa moja moja, nyingine kwa ada ya shule, nyingine kwa hospitali. Zidaka zikabaki tupu, na paka, ambao hawajapata kuona tundu tupu wakalipita, wakahamia.

Mwenye nyumba mtaa mzima ulimwita Bi Mkubwa, na paka nao hawakumjua kwa jina jingine.

Wa kwanza kwa cheo alikuwa Sufi, aliyepewa jina kwa ajili ya manyoya yake meupe marefu. Aliletwa kutoka Mombasa ndani ya kikapu chenye mlango, kwa basi hadi Mokowe na kwa boti hadi gatini, zawadi ya kijana wa Bi Mkubwa aliyeko Dubai, ambaye tangu aende hajapata nafasi ya kuja mwenyewe. Pamoja na Sufi ilikuja kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa, yenye muhuri na sahihi, na Bi Mkubwa aliilaza chini ya godoro pamoja na kipande chake. Manyoya yale hayakukusudiwa nchi ya joto. Jua likiwaka, Sufi, mwana wa watu, alishinda chooni, tumbo limelala juu ya saruji iliyolowa, na ukiingia kutawadha humwoni mpaka umkanyage. Samaki hakumla hivi hivi. Alimgusa kwa mkono wa kulia mara mbili, akaukung'uta, akamtazama Bi Mkubwa usoni. Bi Mkubwa akachutama, akachambua miba kwa vidole, akasema, "Haya, bwana harusi." Ndipo alipokula.

Kibibi alikuwa wa rangi tatu, na paka wa rangi tatu karibu wote ni wa kike, jambo ambalo yeye alilichukulia kuwa amri na wala si bahati. Alilala kwenye kidaka cha juu kabisa, na hakuna aliyepata kumwona akipanda. Paka wazima hawaliliani "nyau" wao kwa wao. Sauti ile wanaiweka kwa ajili ya watu. Kibibi alikuwa nazo tatu: moja ya samaki, moja ya mlango, na ya tatu haikuwa na haja yoyote, aliitoa saa nane ya usiku ili kuhakikisha tu kwamba Bi Mkubwa bado anaitika.

Karani alikuwa mweusi mwenye kifua cheupe, amevaa kizibao tangu kuzaliwa. Siku zote alikula mwisho kwa sababu alikuwa akiangalia nani amekula kwanza. Mtu wa namna hii kila ofisi unaye. Hana njaa ya chakula, ana njaa ya foleni.

Na kwenye daka, nje, alilala Mzee Chongo, dume la rangi ya chungwa, jicho moja. Mwenyewe alisema jicho la pili alilipoteza akipigana na nguchiro. Wapo waliosema ni kunguru, na kwamba kunguru mwenyewe hakuwa mkubwa.

Hao ndio waliojiita paka wa nyumba. Walikuwapo wengine. Alikuwapo Shume, kijivu mwenye mistari, aliyekuja kwa njia ya paa na kuondoka kwa njia ya paa. Alikuwapo Mama Watoto, mdogo wa umbo, ambaye mimba yake ya siku sitini na kitu ilikuwa haijapoa ikafuatwa na nyingine. Alijificha kwenye gofu la jirani, nyumba iliyoporomoka ambayo warithi wake bado wanaandikiana barua. Na walikuwapo wale wa kupita, wasio na jina, ambao ukiwahesabu leo watano kesho ni wanane.

Kila siku baada ya sala ya alfajiri Bi Mkubwa alitoka kiwandani, yaani uani, na siniya kuukuu iliyotoboka pembeni, akamimina: vichwa vya changu, matumbo ya tasi, mikia, maji ya kuoshea. Hakuita kwa majina. Alisema tu, "Nyau, ndoo!" na kila mwenye masikio akaja. Mambo yalikwenda hivyo miaka, na hakuna aliyeuliza swali, kwa sababu kaskazi samaki ni wengi na aliyeshiba hana shughuli na nasaba ya jirani.

Kisha ukaja upepo wa kusi, na mwaka ule ulikuja na chuki. Bahari nje ya mwamba ikachafuka, mashua zikalala ufukweni, na samaki mchache aliyefika sokoni akawa na bei ya kumfanya mtu amwangalie kwa heshima na kumrudisha mezani. Siniya ikaanza kuja na wali uliochanganywa na supu iliyopita karibu na samaki. Waswahili wamekwisha kusema kwamba paka hashibi kwa wali. Siku ya nne ya wali, Karani akaitisha kikao.

Kikao kilikaa kiwandani, kwenye kivuli cha mtungi. Mzee Chongo alifanywa mwenyekiti kwa kuwa alikuwa amekwisha kukalia mahali pa mwenyekiti na hakuna aliyetaka kumwamsha. Karani akasema, "Mabibi na mabwana, samaki hawatoshi. Si kwamba bahari imechafuka. Bahari huchafuka kila mwaka. Tatizo ni kwamba tumekuwa wengi, na tumekuwa wengi kwa sababu hatujui nani ni nani. Wazee walisema paka wa nyumba haingwa. Basi wajibu wetu ni kujua paka wa nyumba ni yupi, ili tujue wa kuingwa ni yupi."

Hoja ilipokewa vizuri. Sijapata kuona kikao ambacho hoja hii ilipokewa vibaya.

Karani akapendekeza kila paka apigwe msasa. Masharti yake yalikuwa mafupi: paka wa nyumba ni yule ambaye yeye mwenyewe, mama yake, na mama wa mama yake walizaliwa ndani ya kuta hizi. Jina la baba pia litajwe.

Hapo pakawa na kimya. Kibibi akakohoa kutoka juu. "Karani mwanangu, jina la baba ulifute. Tumbo lililotuzaa sisi lilikuwa na watoto wanne na, kwa nilivyosikia, baba watatu." Kwa paka hili halina aibu, tumbo moja huweza kabisa kubeba watoto wa madume mbalimbali, lakini kwenye fomu halina mahali pa kuandikwa. Jina la baba likafutwa.

"Tuanze na mwenyekiti," akasema Sufi, aliyekuja kwa nadra na alikuwa bado amelowa tumbo.

Mzee Chongo akafumbua jicho. Alizaliwa wapi? Akasema alizaliwa baharini. Ukweli, ulipovutwa kidogo kidogo, ni kwamba alikuja utotoni kwa jahazi la mizigo, kwa kuwa mabaharia hupenda kuwa na paka wa kulinda magunia na panya. Jahazi lilipofunga gatini alishuka kunyoosha miguu, akasikia harufu ya papa mkavu, na jahazi likaondoka. "Lakini mimi nimelala kwenye daka hili kabla ninyi hamjazaliwa," akasema, "na hata msikitini nalala kwenye mkeka na hakuna anifukuzaye. Wanazuoni wamesema maji aliyokunywa paka hayanajisiki, kwa sababu paka ni wa kuwazungukia watu majumbani mwao."

"Hapo hawakusema paka yupi," Kibibi akanong'ona.

Karani akaandika: isipokuwa aliyefika kwa jahazi kabla ya kikao hiki.

Kibibi alipoulizwa asili yake alinyoosha shingo. Wanaoandika kuhusu Lamu hupenda kusema kwamba paka wa mji ule, kwa shingo zao na miguu yao mirefu, wanafanana na wale waliochorwa na kuchongwa katika Misri ya kale, na Kibibi alikuwa amelisikia hilo kutoka kwa mtalii aliyempiga picha. "Sisi," akasema, "ni wa Misri. Ukoo wetu uliabudiwa."

"Kwa hiyo ni mgeni," akasema Sufi.

Kibibi alishuka kutoka kidakani kwa mara ya kwanza hadharani, akamzaba kofi, akarudi. Karani akaandika: isipokuwa wenye asili ya heshima, hata kama asili hiyo iko mbali.

Sufi akaitaja kadi yake. Kadi ilikuwa chini ya godoro na godoro lilikuwa na Bi Mkubwa juu yake, lakini wote waliwahi kuiona. Ilikuwa na tarehe, muhuri na sahihi. Ilikuwa pia na mahali pa kuzaliwa, na mahali penyewe palikuwa Nyali. Isipokuwa mwenye kadi.

Karani mwenyewe aliokotwa sokoni na mjukuu wa Bi Mkubwa, akaletwa ndani ya mfuko wa shule kati ya daftari la hesabu na nusu ya mahamri. Hili hakuna aliyelitaja. Karani ndiye aliyekuwa akiandika.

Wakaitwa wa nje. Mama Watoto akaingia akiburuta tumbo, akasema hana maneno mengi, ila uzazi wa mwisho aliuzaa ndani ya nyumba hii, ghalani, juu ya gunia la mchele, mvua ilipolifurikisha gofu. Watoto watatu wangali huko. Baraza likanong'onezana kwa muda mrefu. Sheria ni sheria: watoto wamezaliwa ndani ya kuta, mama yao hakuzaliwa. Uamuzi ukasomwa kwamba watoto wana haki ya kula kwenye siniya, mama hana. Watoto walikuwa na siku kumi, macho ndiyo kwanza yanafumbuka. Ikawa wenye haki hawana meno na mwenye meno hana haki, na siniya ikaokoa mdomo mmoja. Karani alifurahi, akasema mfumo unafanya kazi.

Kibibi, ambaye hakuwa na roho mbaya ila alipenda kulala, akauliza kama hakuna njia nyepesi. Paka wana muhuri wao. Paka hujisugua shavu kwenye kitu, na shavu huacha harufu, na paka mwingine akipita anasoma nani alikuwa hapa na lini. Mguu wa kiti cha Bi Mkubwa ulikuwa umesuguliwa hivyo mpaka ukang'aa. "Twendeni tukanuse," akasema. "Aliyepo pale ni wa hapa." Wakaenda, wakanusa. Walikuwapo wote wanne. Alikuwapo Mama Watoto. Alikuwapo Shume, mara nyingi, na harufu yake ilikuwa kongwe kuliko ya Sufi na Karani. Baraza likaamua kwamba ushahidi wa harufu unachanganya, na kwamba kinachotakiwa ni alama ya kuonekana, iliyowekwa na mamlaka.

Ndipo Shume alipoteremka kutoka paa, akakaa katikati ya kiwanda. Alikuwa na lile shavu pana la madume yaliyoishi mengi.

"Una alama gani?" akauliza Karani.

Shume akageuza kichwa. Sikio lake moja halikuwa na ncha. Halikuraruliwa vitani, sikio lililoraruliwa huwa na nyuzi na pembe. Hili lilikatwa sawa, mkato mmoja ulionyooka, na manyoya yamekwisha kuota pembeni.

"Nani alikukata?"

"Waganga wa wanyama. Walitega kizimba cha waya pale gofuni, ndani wametia dagaa. Nikaingia, mlango ukaanguka. Wakanichoma sindano nikalala. Nilipoamka sikio liko hivi. Wakanirudisha palepale waliponitoa, wakafungua mlango, wakasema niende zangu. Wanakata sikio ili wakiniona tena wajue nimekwisha kuandikishwa, wasinishike mara ya pili."

Baraza lilipigwa na butwaa. Huyu, wa paa, asiye na kidaka wala kadi wala Misri, alikuwa na muhuri mwilini, uliowekwa na wenye mamlaka, usiofutika kwa maji wala kupotea chini ya godoro. Tena walimrudisha mahali pake, kwa maana hiyo mahali pake panajulikana rasmi. Sufi alianza kuihofia kadi yake. Mzee Chongo akasema karatasi siku zote alikuwa na mashaka nayo. Baada ya mashauriano Karani akatoa hoja kwamba baraza zima liwasilishwe kwa waganga hao mapema iwezekanavyo, wakatwe masikio, wawe wa kwanza kwenye daftari.

"Linauma?" akauliza Mzee Chongo.

"Sikio? Hapana," akasema Shume. "Unalala, ukiamka limepungua." Akajilamba mkono kidogo. "Ila mzee wangu, nisikufiche. Sikio silo pekee lililopungua."

Mzee Chongo, ambaye usiku wa mbalamwezi sauti yake ilivuka vichochoro vitatu, akakaa chini upesi na kukunja mkia kwa mbele. Karani naye akakaa. Sufi alikuwa amekwisha kukaa tangu zamani, na akatazama ukutani. Alikumbuka sasa ile safari ya pili ya Mombasa ambayo hakuielewa. Hoja iliondolewa. Ikapitishwa kwa kauli moja kwamba sikio si ushahidi, na kwamba mwenye alama ya kukamatwa hawezi kudai kuwa amekaribishwa.

"Sawa," akasema Shume. "Lakini nina neno jingine. Kule juu, jana na juzi, wamepanda watu wawili wenye utepe wa kupimia. Wamepima paa, wamepima kiwanda, mmoja amesema hapa patatosha bwawa la kuogelea. Walikuwa wanataja bei."

"Hoja ya nidhamu!" Karani alisimama, manyoya juu. "Asiyethibitishwa haruhusiwi kutoa taarifa mbele ya baraza. Kwanza athibitishwe, kisha aseme."

"Na kuthibitishwa?"

"Umekataliwa."

Mwenyekiti akakubaliana na hoja ya nidhamu. Maneno ya Shume yakaondolewa kwenye kumbukumbu, na kikao kikaendelea na ajenda ya mpangilio wa kukaa kuzunguka siniya.

Kusi ilivuma mpaka ikachoka. Baraza lilikaa mara nyingi, na sheria ikafika isipokuwa kumi na tisa. Shume alikuwa akipita ukutani, anatazama, anaondoka. Mama Watoto aliwahamisha wanawe, mmoja mmoja, amewashika kwa ngozi ya shingo, kutoka ghalani ambako walikuwa na haki hadi gofuni ambako hawakuwa nayo, kwa sababu gofuni palikuwa na mijusi.

Mambo ya watu, ambayo paka hawakuyawekea ajenda, yalikuwa hivi. Nyumba haikuwa ya Bi Mkubwa peke yake. Ilikuwa ya mirathi, warithi saba, wawili Mombasa, mmoja Dubai, mmoja Muscat, na waliobaki hawasemeshani. Paa lilihitaji boriti mpya na chokaa, na tangu mji wa kale wa Lamu uingizwe kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2001 huwezi kuutengeneza ukuta wake kwa matofali ya saruji ukanyamaziwa. Unatakiwa ujenge kama walivyojenga wazee, ila kwa bei ya leo. Wageni wenye fedha wamekuwa wakizitafuta nyumba hizi kwa miaka mingi, na fedha zao humaliza ugomvi wa warithi kwa mchana mmoja. Katiba ya Kenya ya 2010 haimruhusu asiye raia kumiliki ardhi moja kwa moja. Humpa kukodi tu, kwa muda usiozidi miaka 99. Paka akijaliwa sana huishi kumi na tano, ishirini. Kwa kipimo cha kiwandani, basi, mgeni alikuwa anakodi milele.

Bi Mkubwa alifunga vitu vyake kaskazi ilipoanza: kawa, mbuzi ya kukunia nazi, godoro, sanduku la nguo. Anakwenda kwa binti yake Mombasa, ghorofa ya tatu, na mkwe amesema paka mmoja tu. Alimtaka Kibibi. Kibibi alipanda kidakani na hakushuka kwa samaki wala kwa kubembelezwa. Alimtaka pia yule mwenye sikio. Kijana aliyetumwa kumshika aling'atwa kidole na Shume akarudi paani. Mwisho akachukuliwa Sufi, kwa kuwa kikapu chake kilikuwapo na kadi yake ilikuwa sawa.

Mwenye nyumba mpya aliwasili Jumanne, kutoka Ulaya, na masanduku mawili na faili la ngozi. Aliweka faili juu ya kiti kilichoachwa, akatoa karatasi, akazitandaza. Baraza, wajumbe watatu waliobaki, walikuwa wakimtazama kutoka mlangoni.

"Huyu naye apigwe msasa," akasema Kibibi. "Mama yake kazaliwa humu?"

"Hakuzaliwa," akasema Mzee Chongo. "Hata maji yakijaa na kupwa hajui. Nimemwona gatini akishuka, amelowa mpaka magotini."

Karani akasema haki lazima itendeke kwa wote. Akaingia, akaruka kitini, akakaa juu ya karatasi kama paka wote wafanyavyo karatasi zikitandazwa, akazisoma kwa makalio kwa makini. Palikuwa na hati. Palikuwa na ramani ya kiwanja yenye vipimo, risiti ya ushuru wa stempu, picha za pasipoti, sahihi za warithi saba, na mihuri, mingine ya wino na mmoja wa kubonyezwa unaoweza kuuhisi kwa nyayo.

Mgeni akamnyanyua kwa mikono miwili, kwa upole kabisa, akamtoa nje hadi daka, akafunga mlango.

"Ehe?" akauliza Mzee Chongo. "Umeonaje?"

"Amepita," akasema Karani, akijilamba kizibao. "Karatasi zimetimia. Bila isipokuwa hata moja."